Daktari Aliyefurahia Kukosea

Katika ua wa hospitali yetu hapa Kolwezi kuna neno moja linalowafanya wanawake waache bukari, ugali wetu, ikiungua juu ya mbabula, jiko la makaa, wasimame, na kupiga mpundu, yaani vigelegele vyetu, mpaka walinzi wa getini watoke kwenye viti vyao. Neno lenyewe ni "Nilikosa!" Najua mahali pengine mpasuaji akitoka chumba cha upasuaji huku akipiga kelele kwamba amekosea, jamaa wa mgonjwa humtafuta wakili. Kwetu hugombania kumkumbatia.

Aliyetuzoesha wazimu huo ni jirani yangu, daktari wa upasuaji. Kwa miaka mingi tumeishi naye mtaa mmoja kule Dilala, katika zile nyumba za zamani za kampuni zenye mabati mazito na bustani ndogo mbele. Mwezi uliopita aliletwa katika hospitali hiyohiyo akiwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari la binti yake, tumbo gumu kama ubao. Kabla hajaingizwa ndani alininyooshea kidole na kusema mimi ndiye nitakayekuwa Sikio lake. Nilikuwa nimevaa ndala na fulana yenye doa la mafuta ya mawese. Mtu haandaliwi kwa heshima za aina hiyo.

Nitaeleza Sikio ni nini, na nitafika siku hiyo. Lakini lazima mjue tangu sasa kwamba siku hiyo alitabiri kifo chake mwenyewe, na kwamba katika habari za matumbo hakuwa mtu wa kukosea hovyo.

Katika mpira, ndiyo, alikosea kila Jumapili. Kuna mashabiki wa aina mbili: yule anayesema timu yake itashinda hata ikicheza na malaika, na yule anayesema itafungwa ili isije ikamuumiza. Daktari alikuwa wa aina ya pili. Vijana wa kibanda cha kubeti karibu na kona yetu walimsubiri apite.

"Tata Dokta, leo itakuwa aye, tunashinda?"

"Batatupiga. Defanse yote iko inalala."

"Aksanti, Tata!" Halafu walikimbia kuweka pesa upande wa ushindi. Alilijua hilo, na liliwahi kumchekesha mpaka akashika ukuta. Kuhusu mvua alikuwa mbaya zaidi. Akitoka bila mwavuli, mtaa mzima ulianua nguo.

Lakini mletee tumbo lililoharibika ghafla, mtu mwingine alitokea ndani yake. Wengine huanza kwa kubonyeza mahali panapouma. Yeye alianza miguuni. Alishika vidole vya miguu ya mgonjwa kama mama anayejaribu maji ya kuogeshea mtoto, akatulia, akauliza: maumivu yalianza lini? Mkojo wa mwisho alikojoa lini? Kabla ya kuugua, alikuwa anafika sokoni bila kupumzika njiani? Miguu baridi, pumzi za haraka, mkojo uliokauka, mzee asiyeweza kufika sokoni, utumbo uliotoboka halafu jamaa wakangoja kwa kutumaini dawa za kunywa: aliviweka pamoja vyote na kupata picha ya hatari kabla kisu hakijashikwa. "Tumbo haina dirisha," alisema. "Unasikiliza ku mulango."

Hapa msomaji atadhani naanza kumsifu mzee anayejua mambo kwa vidole tu na kudharau mashine. Pole. Mzee huyu alipenda hesabu kama mtoto anavyopenda biskuti. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye mpasuaji mkuu na watu wote humwita Mama Dokta, alipoleta simu yenye programu ya kujumlisha alama za hatari, umri na mapigo ya moyo na damu na kadhalika, ni mzee aliyezunguka nayo kila chumba. Daktari mmoja alipojitetea kwamba uzoefu wake unamtosha, mzee alimjibu:

"Uzoefu? Uzoefu ni kukumbuka bale balipona. Hao njo banarudia kutusalimia na kuku mu mukono. Bale bengine habakuya kusalimia."

Nimesoma vitabu vingi vya falsafa kwa gharama ya wazazi wangu, na sijapata sentensi iliyonichoma kama hiyo.

Desturi yake ilikuwa hivi. Kabla ya upasuaji wowote wa dharura, watu wote waliovaa kofia za kijani walisimama kwenye beseni la kunawia mikono, na kila mmoja alitaja kwa sauti mambo mawili: atakachokikuta ndani, na kama mgonjwa atarudi nyumbani. Hakuna aliyeruhusiwa kunyamaza. Mtaalamu wa usingizi, mtu mrefu asiyependa maneno, kwa miaka alijaribu kuponea kwenye jibu moja.

"Tutaona."

"Kuona, kila mutu ataona," Daktari alimkatiza. "Hata mulinzi wa kanisa ataona. Mi nakuuliza unawaza nini sasa, mbele ya kuona."

"Nawaza..." alianza yule mrefu, akitazama maji yanavyomtiririka viwikoni. "Nawaza tutaona."

Haukuwa mchezo wa kubahatisha. Mgonjwa aliyetajwa kuwa hatarini alipasuliwa na mkubwa, si na mwanafunzi. Damu ilitafutwa mapema. Kitanda karibu na meza ya wauguzi kiliwekwa tayari, hata kama mtu mwenye jeraha dogo na sauti kubwa alipaswa kuhamishwa. Utabiri, kwa maoni yake, ulikuwa wa kazi. Anayeujua na kukaa nao mfukoni alikuwa sawa na mpiga ramli, ila ramli ina ngoma.

Na kulikuwa na sharti: aliyekosea husema mwenyewe, hukohuko alikosema mwanzo, mbele ya watu walewale. Ikiwa alisema mgonjwa atakufa na mgonjwa amefungua macho na kuomba soda, Daktari alitoka mpaka uani, akavua kofia, akapaza sauti: "Nilikosa!" Hapo ndipo mpundu zilipolipuka. Mama mmoja aliyekuwa amefika kutoka Kisenge asubuhi hiyohiyo, asiyezijua desturi zetu, alisikia daktari aliyempasua mkwewe akitangaza kwamba amekosea. Alimrushia kiatu. Kilimpata sikioni. Daktari alikiokota, akamrudishia kwa mikono miwili, na wanawake wengine wakambeba mama yule juujuu mpaka kitandani kwa mkwewe, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

Alikosea na upande mwingine pia. Siku hizo hakupaza sauti. Alikwenda kukaa chini pamoja na jamaa, kwenye sementi, kofia mapajani, akasema neno lilelile kwa sauti ndogo. Alikaa nao mpaka wao waliponyanyuka kwanza. Nadhani mpundu zetu zilikuwa na uzito kwa sababu hiyo. Tulijua kwamba mtu huyu halitupi neno lake na kukimbia.

Sasa Sikio. Familia zetu huja hospitalini kwa wingi: wajomba, shangazi, watu wa kanisa, na wengine ambao hakuna anayejua wametoka wapi ila wamekuja na viti. Ukimwambia kila mmoja habari, jioni zitakuwa habari tofauti kwa kila mbabula. Kwa hiyo Daktari alidai mtu mmoja. "Sikio yenu ni nani?" Si lazima awe mkubwa. Awe mtu anayeweza kusikia jambo mpaka mwisho kabla hajalia. Huyo aliambiwa hatari yote, bila kupakwa sukari, na ndiye aliyeipeleka uani.

Nilikuwa Sikio mara ya kwanza kwa ajili ya mdogo wangu, mchimba madini wa mikono, aliyeletwa kutoka Tenke na homa ya matumbo iliyokuwa imemtoboa utumbo. Familia ilinichagua kwa kuwa nimesoma. Lilikuwa kosa ambalo ni familia inayoheshimu diploma tu inayoweza kulifanya. Daktari alipoanza kunieleza, nilimkatiza kwa Kifaransa safi nikadai asilimia.

"Asilimia nitakupa," alisema. "Lakini utaipeleka wapi?"

Alinipa. Niliibeba mpaka uani kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Shangazi yangu, mwanamke mfupi wa kitenge cha buluu aliyemlea mdogo wangu tangu akinyonya, alisimama mbele yangu.

"Sasa? Atapona ao hatapona?"

"Shangazi, tuseme tuna watu wengi walio na hali kama yake. Katika hao wengi..."

"Bengi ya nini? Mi niko na mumoja."

Nikafungua mdomo. Miaka yote ile ya chuo kikuu ikapita ndani ya mdomo wangu, haikupata mlango wa kutokea. Daktari alikuwa amenifuata nyuma, mikono bado mikavu, na alisikia yote.

"Mama," alimwambia shangazi, "huyu mutoto anafanyaka kazi mu mashimo?"

"Njo kazi yake."

"Basi utanisikia. Kuko shimo ya kukauka, unashuka na kupanda, ni jasho tu. Kuko shimo yenye maji, unashuka na pompi, na batu ba kushika kamba. Kuko shimo yenye maji na miti ya kuoza. Ya mwana yako ni yenye maji. Miti naogopa kama inaoza. Mi nawaza hatapanda. Lakini nitashuka."

Shangazi aliuliza swali ambalo mimi na asilimia yangu hatukuwa tumelifikiria.

"Pompi yake ni nini?"

"Damu. Na mutu wa kukaa naye asubui na mangaribi, anamugeuza, anamukalisha, hamuachi alale vile tu."

"Mwandishi!" shangazi aliniita, kana kwamba ni jina la ng'ombe. "Toa mukono, bakupime damu."

Wafanyabiashara na wenye malori Daktari aliwapimia kwa barabara: lami ya kiangazi, udongo wa masika, daraja lililokwishabebwa na maji. Kila familia ilipata hatari yake kwa lugha ya hatari iliyokwishaizoea. Mimi peke yangu, alisema baadaye akicheka, sikuwa na shimo wala lori, ndiyo maana alilazimika kunipa namba. Mdogo wangu alipanda. Daktari alitoka uani, akavua kofia, na shangazi yangu alipiga mpundu ya kwanza. Tangu siku hiyo mdogo wangu haendi sherehe yoyote bila kufungua vifungo vya shati na kuonyesha kovu, hata mezani.

Nimesema mtu huyu aliwatabiria watu wote. Si kweli. Hakumruhusu mtu yeyote amtabirie yeye. Kwa miaka alikuwa na ngiri, uvimbe kwenye kinena uliotoka akikohoa na kurudi akilala. Hospitali nzima iliijua. Akitaka kupiga chafya, aliingiza mkono mfukoni kwanza kuizuia, na wauguzi waligeuza macho kwa adabu, kama watu wanaompisha mkwe.

"Tata," Mama Dokta alimwambia siku moja barazani kwangu, mbele ya sahani ya karanga, "ile kintu tuipasue mbele haijanyongwa. Sasa ni shimo ya kukauka. Kesho siyue."

"Ngiri ya mutu mukubwa iko na adabu yake, mama."

"Ingekuwa ya mugonjwa ungemufokea."

"Mugonjwa anaweza kuchagua mupasuaji. Mi, bapasuaji bote ba hapa nilibafundisha. Najua kila mumoja mahali anakosaka."

Tulicheka. Mama Dokta hakucheka. Alikula karanga moja moja akiutazama mfuko wa suruali ya mzee.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi uliopita ngiri ilisahau adabu. Utumbo ulitoka, ukanasa, haukurudi. Badala ya kusema, alijilaza akidai amekula samaki mbaya, mpaka Jumapili binti yake alipomkuta anatapika maji ya kijani na kuniita nisaidie kumbeba. Ndipo tulipofika hospitalini, mimi na ndala zangu.

Juu ya kitanda cha magurudumu alijipapasa tumbo mwenyewe, macho yakitazama dari, uso wa mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Nilichelewa," alisema. "Umri, moyo, siku nzima ya kunasa. Maji na miti ya kuoza. Muniache, mama. Munipe dawa ya maumivu, munipeleke ku nyumba."

Binti yake alinishika mkono. Mama Dokta alikwenda upande wa pili wa kitanda, akafunua shuka, akashika vidole vya miguu yake. Akatulia.

"Ni moto," alisema.

"Gusa tena."

"Ni moto, Tata. Na ulikojoa asubui, mutoto wako alisema. Juzi ulitembea mpaka soko, ukarudia na kabichi. Unajiongezea alama zenye haungepatia mugonjwa mwingine."

"Na wewe unanipunguzia juu ya kunipenda."

"Njo vile," alisema Mama Dokta. "Sasa tutafanya aye?"

Wakanitazama wote wawili. Sikio husikia na kupeleka, haliamui, nilitaka kuwakumbusha. Lakini mzee alikuwa amenishika macho, na niliona kitu ambacho sijawahi kukiona usoni pake ila Jumapili, dakika za mwisho za mechi, timu yake ikiwa mbele kwa bao moja.

"Dokta," nilisema, "kila siku unasema timu yako itafungwa."

"Sasa mpira unaingia wapi?"

"Leo timu ni wewe. Huwezi kutabiri, wewe ni shabiki. Vijana wa pale kwenye kona wangekusikia sasa hivi, wangekimbia kubeti upande mwingine. Na mimi nabeti nao."

Kicheko kilimtoka, akashika tumbo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, bwana, itapasuka!" Machozi yalimtoka, sijui ya maumivu au ya nini. Halafu akamtazama binti yake, kwa muda, akasema kwa Mama Dokta: "Basi. Lakini kwa beseni kwanza. Bote."

Walimsukuma mpaka kwenye beseni. Mimi pia niliitwa, nikavalishwa kofia ya kijani iliyonishuka machoni. Yeye alianza: "Mi nasema siamuke." Mama Dokta alisema atakuta kipande cha utumbo kilichokufa, atakikata, ataunga, na mzee atarudi Dilala kwa gari la binti yake. Ikafika zamu ya mtaalamu wa usingizi.

"Tuta..." alianza. Akajizuia. Akamtazama bwana yule aliyemsumbua maisha yake yote ya kazi, amelala chini yake kama mgonjwa mwingine yeyote. "Ataamuka," alisema. "Na ataamuka anatufokea."

Sitaeleza kungoja. Mama mmoja asiyenijua alinipa bukari na dagaa, akaniuliza nani yuko ndani, nikasema jirani. Mama Dokta alipotoka alinikuta nimesimama. Kipande kilikuwa kimekufa, alisema, amekikata, ameunga. Anapumua vizuri.

"Basi tupige kelele!" nilisema.

"Hapana, mwandishi. Mi sikukosa, yeye njo alikosa. Na hatuyue bado. Kuunga kunaweza kuachia. Tungoye tumbo iseme yenyewe."

Maana yake, waheshimiwa wasomaji, ni kwamba utumbo uliounganishwa huthibitisha uzima wake kwa kutoa hewa. Kwa siku zilizofuata wodi nzima, kuanzia wauguzi hadi mchungaji aliyekuja kumwombea, ilikuwa ikisubiri profesa mzee ajambe. Nimehudhuria mikutano mingi ya wasomi. Sijawahi kuona umati ukisubiri neno kutoka kwa mtu mmoja kwa heshima ile.

Nilipoingia mara ya mwisho, Mama Dokta alikuwa kando ya kitanda akitabasamu kwa meno yote, na binti yake alikuwa amefunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mrija ulikuwa bado puani mwa mzee. Alininyooshea kidole kilekile.

"Ilisema," alinong'ona.

"Nimesikia, Dokta. Hongera."

"Enda ku dirisha."

"Kufanya nini?"

"Mwenye alikosa njo anasema. Mi siwezi. Nikipaza sauti, nyuzi zitaachia. Wewe ni Sikio, leo uwe mudomo."

Nilijitetea kwamba mimi ni mtu wa kuandika, sijawahi kupaza sauti hata kumwita mwenye pikipiki ya abiria. Alifumba macho kama mtu asiyesikia. Basi nikafungua dirisha. Uani moshi wa mbabula ulikuwa umetanda, wanawake wameinama juu ya sufuria zao, hakuna aliyenitazama. Nikavuta pumzi.

"Nilikosa!" Sauti ilikatika katikati kama ya kijana anayebalehe. "Dokta anasema, alikosa!"

Vichwa viliinuka. Hawakujua ni mgonjwa gani, wala mimi ni nani. Mama aliyenipa bukari aliweka mwiko chini, akaweka mkono mdomoni, na mpundu yake ikapanda. Mwingine akaipokea, halafu mwingine, mpaka ua wote ukalia na walinzi wakatoka kwenye viti.

Nilimgeukia. Alikuwa bado amefumba macho, anasikiliza, mkono mmoja umekandamiza kidonda.

"Tena," alinong'ona. "Bale ba upande ya getini habakusikia."